Mwendesha Baiskeli Naye Ana Haki ya Barabara: Kanuni Zinazomhusu Yeye na Dereva

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, barabara kuu zinazoingia katika miji mingi ya Tanzania huwa zimekwisha kupokea wasafiri wasiotumia injini. Wapo wanaoleta mkaa na mboga kutoka vijijini, wauza maziwa wanaowahi wateja wao, wanafunzi wanaoishi mbali na shule na vibarua wanaookoa nauli. Katika mikoa kama Shinyanga, Tabora na Mwanza, baiskeli imekuwa kwa miaka mingi chombo cha kubeba abiria na mizigo, na jijini Dar es Salaam ndiyo duka la muuza madafu. Wote hawa hutumia lami ileile inayotumiwa na malori, mabasi ya mikoani, daladala, bajaji na bodaboda.

Kuchangia barabara namna hiyo kuna gharama yake pale kanuni zinapopuuzwa. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki dunia kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kusababisha vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Mwendesha baiskeli hana bodi ya chuma, mkanda wala mfuko wa hewa wa kumkinga. Kinga yake ni kuonekana mapema, mwendo wake kueleweka na wengine, na kupewa nafasi ya kutosha na anayempita. Kanuni karibu zote za barabarani zinazomhusu zimejengwa juu ya mambo hayo matatu.

Sheria inamtambua

Kwa upande wa Tanzania Bara, matumizi ya barabara husimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973 na kufanyiwa marekebisho katika nyakati mbalimbali. Sheria hiyo haihusu magari peke yake. Inawagusa watu wote wanaotumia barabara, wakiwemo waenda kwa miguu, waendesha mikokoteni na waendesha baiskeli.

Kutokana na hali hiyo, imani iliyoenea kwamba barabara ni ya magari na kwamba baiskeli huruhusiwa kupita kwa hisani tu haina msingi. Katika barabara nyingi kuu nje ya miji imezoeleka dereva wa basi au lori kupiga honi kwa nguvu akiwa bado mbali, na mwendesha baiskeli kuruka nje ya lami kabla hajafikiwa. Wengi hulichukulia jambo hilo kuwa ndiyo kanuni. Honi imewekwa kwa ajili ya kutoa tahadhari. Haimpi dereva mamlaka ya kumwondoa mwenzake barabarani. Anayetaka kumpita mwingine ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha kuwa ipo nafasi ya kufanya hivyo kwa usalama, na kama haipo, anapaswa kupunguza mwendo na kusubiri.

Haki hiyo huambatana na wajibu. Kuendesha baiskeli hakuhitaji leseni ya udereva, lakini kukosekana kwa sharti hilo hakumwondolei mtu wajibu wa kuzijua na kuzitii alama za barabarani. Taa nyekundu humsimamisha mwendesha baiskeli kama inavyomsimamisha dereva wa gari. Vivyo hivyo kwa alama ya kusimama, barabara ya upande mmoja na ishara ya mkono ya askari wa usalama barabarani.

Kushoto, kwa mstari ulionyooka

Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo vyombo vya usafiri hupita upande wa kushoto. Mwendesha baiskeli, kwa kuwa mwendo wake ni mdogo kuliko wa magari, hukaa karibu na ukingo wa kushoto wa barabara. Kukaa karibu na ukingo hakumaanishi kuukanyaga. Kingo za lami katika barabara nyingi zimemeguka, na gurudumu linaloteleza kutoka kwenye lami hadi kwenye changarawe huweza kumwangusha mtu upande wa magari. Ni salama zaidi kuacha nafasi kidogo kati ya gurudumu na ukingo, na kushika mstari mmoja bila kuyumba.

Wapo wanaoamini kuwa kwenda upande wa kulia, wakiyatazama magari yanayokuja, ni salama zaidi. Ushauri huo humfaa mwenda kwa miguu mahali pasipo na njia yake. Kwa baiskeli, ni hatari. Gari na baiskeli zinapokutana uso kwa uso mwendo wao hujumlishwa, hivyo muda wa kukwepana hupungua sana. Aidha, dereva anayetoka barabara ndogo na kukata kushoto hutazama zaidi upande wa kulia, yanakotoka magari. Hatarajii kukuta baiskeli ikimjia kutoka kushoto.

Waendesha baiskeli wanaosafiri pamoja wanapaswa kufuatana kwa mstari mmoja badala ya kwenda sambamba wakizungumza. Kushikilia lori au bajaji inayokwenda ili kuvutwa mlimani ni marufuku. Dereva hamwoni aliyening’inia nyuma, na breki ya ghafla humgongesha kwenye bodi au kumtupa chini ya gurudumu. Mikono nayo inatakiwa kubaki kwenye usukani, isipokuwa mmoja unapotumika kutoa ishara. Kuzungumza kwa simu au kuziba masikio yote mawili kwa spika za muziki humnyima mwendesha baiskeli sauti ya gari linalomjia kwa nyuma, ambayo mara nyingi ndiyo taarifa pekee anayoipata.

Makutano, vipilefti na vituo vya daladala

Sehemu kubwa ya hatari ipo pale njia zinapokutana. Baiskeli haina taa za kuonesha upande, kwa hiyo mkono ndio hufanya kazi hiyo. Mkono wa kulia ulionyooshwa huonesha nia ya kukata kulia, na wa kushoto ulionyooshwa nia ya kukata kushoto. Mkono wa kulia ukinyooshwa na kupandishwa na kushushwa taratibu, kiganja kikitazama chini, mwendeshaji anawaarifu walio nyuma kuwa anapunguza mwendo. Ishara hutolewa mapema, kabla ya kukata, ili anayefuata apate muda wa kuielewa.

Kukata kulia ndiko kunakohitaji tahadhari kubwa kuliko yote, kwa sababu mwendesha baiskeli hulazimika kukatiza njia ya magari yanayomfuata na yale yanayomjia. Kwanza hutazama nyuma juu ya bega la kulia, kisha hutoa ishara, na pale tu anapokuwa na hakika kwamba ameonekana na amepewa nafasi ndipo husogea kuelekea katikati ya barabara. Katika barabara yenye magari mengi au yenye njia zaidi ya moja kwa kila upande, njia iliyo salama zaidi ni kusimama ukingoni kushoto, kushuka na kuvuka kwa miguu penye kivuko cha pundamilia huku akiisukuma baiskeli. Kivukoni hapo anayesukuma baiskeli huhesabiwa kama mwenda kwa miguu, na madereva wanapaswa kumsimamia. Yeye naye, akiwa juu ya baiskeli barabarani, anawajibika kuwasimamia waenda kwa miguu wanaovuka.

Katika mizunguko, ambayo wengi huiita vipilefti, anayeingia huwapisha walio tayari ndani, yaani wanaotoka upande wake wa kulia. Mwendesha baiskeli anayezunguka kupita njia ya kwanza ya kutokea anapaswa kukumbuka kuwa gari lililo kando yake huenda likatoka hapo. Asiyeizoea hali hiyo hapotezi heshima yake akishuka na kusukuma.

Vituo vya daladala navyo vina hatari yake. Basi likisimama, abiria hushukia upande wa kushoto, upande huohuo ambao baiskeli hupita. Kujipenyeza kati ya basi na kituo ni kuwahatarisha wanaoshuka, wakiwemo watoto na wazee. Mwendesha baiskeli anapaswa kusubiri nyuma ya basi au, baada ya kutazama nyuma na kutoa ishara, kulipita kwa upande wa kulia.

Kuonekana, na chombo kizima

Giza ni adui mkubwa wa mwendesha baiskeli. Hesabu ifuatayo inaeleza sababu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri takriban mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga breki, gari huwa limekwisha kwenda mita 14, na huhitaji karibu mita 14 nyingine kusimama kwenye lami kavu. Jumla ni kama mita 28. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, jumla hiyo huzidi mita 55. Mtu aliyevaa nguo za rangi ya giza, asiye na taa wala kiakisi mwanga, anaweza kuonekana akiwa tayari ndani ya umbali huo. Kufikia hapo hata dereva makini mwenye breki nzima hana la kufanya.

Kwa ajili hiyo baiskeli inayotumika usiku inatakiwa kuwa na taa nyeupe mbele, na taa nyekundu au kiakisi mwanga chekundu nyuma. Taa ya dinamo au ya betri hufaa, mradi iwake. Viakisi mwanga kwenye pedali na kwenye magurudumu huongeza usalama, kwa kuwa mwanga unaozunguka humjulisha dereva mara moja kuwa kilicho mbele yake ni baiskeli. Nguo ya rangi nyeupe au njano, au fulana yenye mistari inayoakisi mwanga, husaidia mchana na usiku.

Breki zinapaswa kukaguliwa kabla ya safari, na kengele iwe inalia. Tairi zilizochakaa, mnyororo uliolegea au usukani usiokaza vizuri ni mambo madogo nyumbani lakini makubwa mbele ya lori. Kofia ngumu nayo, ikifungwa barabara chini ya kidevu, hupunguza madhara ya kichwa pale mtu anapoanguka, na kichwa ndicho kiungo ambacho majeraha yake ni magumu zaidi kutibika.

Mzigo na abiria

Kwa kuwa baiskeli ni kitega uchumi cha wengi, suala la mzigo haliwezi kukwepwa. Gunia la mkaa au rundo la mbao lililofungwa kwa kukingama huongeza upana wa baiskeli bila dereva anayekuja nyuma kulitambua hilo kwa wakati. Mzigo mzito nyuma hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, na usukani huyumba hasa wakati wa kupanda mlima. Kuteremka nako huongeza kasi kuliko uwezo wa breki. Mzigo ufungwe imara, usimzuie mwendeshaji kuona wala kugeuza usukani, usifunike taa au kiakisi cha nyuma, na penye mteremko mkali ni busara kushuka na kusukuma.

Abiria abebwe pale tu baiskeli inapokuwa na kiti cha kumbebea kilichofungwa vizuri. Kumkalisha mtoto kwenye bomba la fremu bila kiti humweka mbele kabisa ya hatari, na miguu yake huweza kuingia kwenye spoku za gurudumu.

Wajibu wa dereva

Kanuni zote zilizotajwa humsaidia mwendesha baiskeli kwa kiasi fulani tu iwapo dereva hatatimiza sehemu yake. Jambo la kwanza ni nafasi wakati wa kumpita. Katika nchi kadhaa kipimo kimeandikwa ndani ya sheria: Ufaransa hudai angalau mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji, na Ujerumani, tangu mwaka 2020, hudai mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Kwa dereva wa Tanzania vipimo hivyo ni mwongozo mzuri, kwa kuwa sababu zake ni zilezile kila mahali. Mwendesha baiskeli huweza kulazimika kukwepa shimo ghafla, na upepo wa lori linalopita kwa kasi huweza kumsukuma nje ya barabara au kumvuta kuelekea magurudumuni. Pale ambapo gari linakuja kutoka mbele na barabara ni nyembamba, baiskeli na magari mawili haviwezi kupishana kwa wakati mmoja. Dereva husubiri nyuma ya baiskeli hadi njia iwe wazi.

Jambo la pili ni mwendo. Sheria imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa. Hesabu ya mita iliyotolewa hapo juu inaonesha kwa nini tarakimu hizo zina maana. Nguvu ya mgongano huongezeka haraka kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne.

Jambo la tatu ni kukata kushoto. Dereva hukaa upande wa kulia wa gari, hivyo upande wa kushoto ndio usioonekana vizuri, hasa katika malori na matrela. Zaidi ya hapo, lori linapokata kona magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele, na baiskeli iliyokuwa ubavuni hujikuta imebanwa. Dereva atazame kioo cha kushoto kabla ya kukata na asimpite mwendesha baiskeli kisha kumkatia mbele papo hapo. Mwendesha baiskeli, kwa upande wake, asisimame kamwe ubavuni kwa lori kwenye taa au makutano. Abaki nyuma, mahali ambapo anaweza kuuona uso wa dereva kwenye kioo. Asipouona uso huo, dereva naye hamwoni.

Jambo la nne ni mlango. Gari lililoegeshwa kushoto hufungua mlango wa dereva upande wa barabara, ambako baiskeli hupita. Dereva akizoea kuufungua kwa mkono wa kushoto, ulio mbali na mlango, mwili wake hugeuka wenyewe na macho yake huelekea nyuma. Tabia hiyo haigharimu chochote.

Njia maalumu za baiskeli

Baadhi ya barabara zimetengewa njia za baiskeli. Jijini Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro iliyojengwa kwa ajili ya awamu ya kwanza ya mradi wa Mabasi Yaendayo Haraka, ambao ulianza kutoa huduma mwaka 2016, ina njia za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli pembezoni. Njia za katikati ni za mabasi hayo, na mwendesha baiskeli haruhusiwi kuzitumia hata zinapoonekana tupu, kwa kuwa basi hupita humo kwa kasi bila kutarajia kizuizi.

Alama ya duara la buluu yenye picha nyeupe ya baiskeli huonesha njia iliyotengwa kwa ajili yake. Duara lenye ukingo mwekundu na picha ya baiskeli humaanisha kuwa baiskeli zimekatazwa kupita. Kuegesha gari, kupanga bidhaa au kupitisha bodaboda katika njia ya baiskeli humsukuma mwenye haki nayo kurudi katikati ya magari, mahali ambapo njia hiyo ilijengwa ili kumwondoa.

Ajali inapotokea

Dereva aliyehusika katika ajali anapaswa kusimama, kutoa msaada na kutoa taarifa Polisi. Namba ya dharura ni 112. Majeruhi asiinuliwe kwa pupa, hasa anapolalamikia shingo au mgongo, isipokuwa pale anapokuwa katika hatari nyingine kama vile moto. Fomu ya Polisi namba 3, maarufu kama PF3, hutolewa kituo cha Polisi na hutumika katika matibabu na baadaye kama ushahidi. Ndugu au msamaria mwema anaweza kuishughulikia wakati majeruhi anapelekwa hospitali.

Jambo ambalo waendesha baiskeli wengi hawalifahamu ni haki yao ya fidia. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, humlazimisha kila mwenye chombo cha moto kinachotumika barabarani kuwa na bima inayowahusu watu wengine wanaoumizwa au kuuawa na chombo hicho. Mwendesha baiskeli ni miongoni mwa watu hao, ingawa yeye mwenyewe hana bima yoyote. Ni muhimu kuandika namba ya usajili ya gari, kwa kuwa kwa namba hiyo bima yake huweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Taarifa ya Polisi, mchoro wa eneo la tukio, taarifa ya daktari na stakabadhi za matibabu vihifadhiwe. Familia nyingi humalizana na dereva pembeni kwa fedha kidogo siku ya tukio, kisha hukosa ushahidi pale majeraha yanapogeuka kuwa ulemavu na mtegemewa anaposhindwa kurudi kazini.

Elimu ya mambo haya huanzia nyumbani na shuleni. Mtoto anayekabidhiwa baiskeli ya kwendea shule anapaswa kwanza kufundishwa kutazama nyuma bila kuyumba, kutoa ishara kwa mkono mmoja na kushuka penye makutano yanayomzidi uwezo. Mzazi anayelipia taa na breki kabla ya kumruhusu mwanawe aingie barabarani humpunguzia hatari, na dereva anayepunguza mwendo nyuma ya mtoto huyo hupoteza sekunde chache tu za safari yake.